Mchumba wa kaka anapokuja nyumbani mara ya kwanza, asipewe mtihani

Dada uliyeuliza, umesema kaka yenu anamleta mchumba wake mwezi huu, kwamba binti huyo ni wa kabila jingine, na kwamba wadogo zako wamepanga kumpima jikoni kabla ya kumkubali. Nakujibu kwa sababu nami niliwahi kuwa wifi wa namna hiyo, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Sisi ni Wachaga wa Rombo. Mdogo wangu wa kiume alimleta mchumba wake, Mmakua wa Masasi, siku za Krismasi, wakati nyumba imejaa ndugu waliorudi kutoka mijini. Asubuhi iliyofuata tulimpa karai la ndizi mbichi azimenye kwa ajili ya mtori, bila kumwambia kwamba utomvu hugandia mikononi na kwamba sisi wenyewe hupaka mafuta kwanza. Mikono yake ikawa myeusi, maganda yakatoka na nyama ya ndizi, na muda wote huo tulikuwa tukizungumza Kichaga na kucheka. Maneno hakuyaelewa, lakini kicheko alikielewa. Alimaliza karai lote bila kulalamika, akanawa, akaenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba. Mama ndiye aliyemfuata, akamsugua mikono kwa mafuta na limau, kisha akarudi kutuambia kwamba hataki kusikia tena Kichaga mbele ya binti yule mpaka tutakapokuwa tumemfundisha.

Miezi michache baadaye nilikuwa miongoni mwa waliopeleka posa Masasi. Wazee wetu walikuwa wamejiandaa kuzungumza na baba wa binti, kumbe mwenye kauli pale alikuwa mjomba, kwa kuwa Wamakua huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Sisi tunaofuata ukoo wa baba tulikaa bila kujua tuanze na nani, na hakuna aliyetucheka. Mama mmoja alinivuta pembeni, akanieleza kwa upole nani asalimiwe kwanza na barua ikabidhiwe kwa nani. Nililikumbuka lile karai, nikaona aibu kubwa.

Kwa hiyo zungumza na wadogo zako kabla mgeni hajafika. Akitaka kusaidia jikoni, mmoja wenu akae naye na amwelekeze, nanyi mzungumze Kiswahili. Mwulize kaka yako kwao nani ana neno katika ndoa ya binti, ili wazee wenu wasikosee watakapokwenda. Na mama yenu, ambaye umesema yuko kimya, aulizwe yeye mwenyewe anachowaza, msimsemee.

Mtoto wa kwanza wa wifi yangu alipobatizwa, yule mjomba alisafiri kutoka Masasi hadi Rombo. Tulimketisha pamoja na wazee wetu, na mama yangu alimsalimia yeye kwanza.