Ukitaka bahari ilindwe, anza na daftari

Mwaka 1990, katika vijiji vya St Agnes na Porthtowan huko Cornwall, Uingereza, wateleza mawimbi, watu wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao, walichoka kuingia kwenye maji yenye kinyesi na kutoka wakiwa wagonjwa. Wakaunda chama chao, Surfers Against Sewage, wakavaa nguo zao za majini na vinyago vya gesi kwenda kuwakabili wanasiasa. Wenzao wa Marekani, Surfrider Foundation, walioanza Malibu mwaka 1984, huchota maji ya fukwe zao wenyewe, wakayapima na kutangaza walichokiona.

Kwetu Tanga hakuna wateleza mawimbi wa kusema, lakini nimekaa kwenye kamati ya BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, na nimejifunza jambo kutoka kwa watu hao. Hawakungoja mtaalamu awaambie bahari yao inaumwa. Waliingia majini kila siku, kwa hiyo mashahidi walikuwa wao.

Sisi nasi ni mashahidi, ila ushahidi wetu unaishia barazani. Chukua uvuvi wa baruti, wa kulipua samaki majini. Mpasue changu aliyeuawa kwa baruti: ngozi nzima, lakini ndani damu imevilia kando ya uti wa mgongo na mifupa imekatika. Nyama ukiibonyeza hairudi. Mama anayenunua samaki pale soko la Deep Sea anajua hilo kwa kidole tu. Mvuvi wa dema, ule mtego wa kusukwa, anajua mwamba gani umekuwa kifusi, na anajua kwa nini hauponi: vile vipande vinabingirika na mawimbi, matumbawe machanga hayapati pa kushika. Haya yote tunayajua, tunayasema kwa uchungu, halafu kesho hayapo mahali popote.

Uvuvi wa baruti umepigwa marufuku nchini tangu sheria ya uvuvi ya mwaka 1970, na bado tumeusikia ukilia kwa miaka mingi baada ya hapo. Hatukukosa sheria. Tulikosa watu wa kuisukuma wakiwa na kitu mkononi.

Kwa hiyo nakushauri, nunua daftari. Andika tarehe, kama ni bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) au maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), mwamba gani, zana gani, kilo ngapi zimetua. Ukisikia mlipuko, andika saa na upande uliotoka. Usimfuate mpigaji baruti mwenyewe, wala usiandike jina la mtu kwa kusikia. Mpelekee afisa uvuvi ulichokiona. Tulipoanza kufanya hivi, mazungumzo na ofisi yalibadilika sura. Ukisema “samaki wamepungua” unapewa pole. Ukifungua kurasa za misimu miwili ya kusi, upepo wa kusini, iliyofuatana, mtu anavuta kiti.

Jambo la pili, na hapa ndipo kampeni nyingi za pwani zinapofia: waiteni wanawake wa pweza. Wao wanaujua mwamba wa maji makavu tundu kwa tundu. Lakini mkutano wa kijiji ukipangwa asubuhi ya bamvua kubwa, wao wako mwambani, na mnabaki wanaume mkiamua mambo ya mwamba ambao hamkanyagi. Pangeni mkutano wakati wa maji mafu. Sharti hili nimeligombania na nitaendelea kuligombania.

Kama kijiji kinataka kuanza na kitu kidogo, fungeni kipande kimoja cha mwamba wa pweza kwa miezi michache. Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagascar, walianza hivyo mwaka 2004, na mtindo huo ukasambaa vijiji vingi. Pweza hukua haraka mno, kwa hiyo siku ya kufungua watu wanaona faida kwa macho yao, tofauti na matumbawe yanayodai miaka. Kanuni zetu zinakataza kuvua pweza chini ya nusu kilo. Mwamba ukifungwa, kanuni hiyo inakuwa rahisi kufuatwa. Kubalianeni mapema nani atalinda na kijana anayetegemea mwamba ule atakula nini katika miezi hiyo. Msipolijibu swali hilo mkutanoni, litajibiwa usiku kwa mkuki na tochi.

Ninyi mlio ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa Tanga, yenye jina la yule samaki wa kale, iliyotangazwa mwaka 2009, mnayo nafasi zaidi: kuna ofisi na wahifadhi wa kuwauliza maswali. Waulizeni doria ya mwezi uliopita ilifika wapi, na mafuta ya boti yapo au hayapo.

Na hoja yenu ya bahari isikubali kuwekwa kwenye “mengineyo”. Ikifika hapo watu wameshaanza kuondoka. Mwandikieni mtendaji mapema, kwa barua yenye sahihi za wavuvi na wachuuzi, iingie kama ajenda yenye namba yake, na mwombe nakala ya muhtasari ukishasainiwa.