Hoteli ya baharini Alanya: kabla hujalipa, tazama barabara na mwezi

Kaka, umeuliza kama ulipie hiyo hoteli ya Alanya, ule mji wa pwani ya kusini ya Uturuki, uliyoiona mtandaoni: usiku saba, wiki ya mwisho ya Aprili, kila kitu ndani, "dakika tatu kutoka baharini", wewe na wifi mnasherehekea miaka kumi ya ndoa. Ukauliza pia wifi anajistiri, ataogelea vipi. Waliotangulia wamekujibu "nenda, Uturuki pazuri". Ni kweli pazuri. Mimi nimekwenda mara mbili, na safari ya kwanza ilikuwa pacha wa hiyo yako: Alanya, Aprili, dakika tatu. Acha nikusimulie kabla hujatoa hela.

Naanza na hizo dakika tatu. Kutoka Antalya, mji mkubwa wa pwani hiyo, kwenda mashariki kuna barabara kuu inayoitwa D400, na unapokaribia Alanya inafuatana na bahari kama mkanda. Huko Alanya, kwenye vipande vingi, hoteli ziko upande mmoja wa barabara na ufukwe upande wa pili. Kwa hiyo unatoka hotelini na taulo begani, unashuka ngazi, unaingia kwenye njia ya chini ya barabara, kisha unaibukia mchangani. Yetu ilikuwa na unyevunyevu, taa moja inapepesa, na paka wawili wa rangi ya chungwa waliokuwa kama ndio wenye mali. Dakika tatu ni kweli, hawakudanganya. Lakini mtoto akisahau boya chumbani, hizo dakika tatu unazipiga mara tatu.

Kilichoniuma zaidi ni chumba. Tuliongeza hela ili tupate kinachotazama bahari. Tulichosahau ni kwamba kinachotazama bahari ndicho kinachotazama barabara. Malori usiku kucha. Wale waliochukua vyumba vya bei rahisi, vya upande wa milimani, asubuhi walikuwa wanashuka wamelala vizuri, wananikuta mimi nimevimba macho. Kwa hiyo usisome maelezo ya hoteli tu. Fungua ramani ya picha za setilaiti, ivute karibu, uone kati ya jengo na maji kuna nini. Na ukiona wameandika bahari inaonekana "kwa pembeni", jua utainama kwenye roshani mpaka wifi akushike shati.

Jambo la pili ni mwendo. Ndege ya kutoka Dar inakufikisha Istanbul, unaunganisha ya Antalya, na watu wengi wanadhani wamefika. Kutoka uwanja wa Antalya hadi Alanya ni kama kilomita 120 na ushee, na basi la kifurushi cha safari linashusha watu hoteli moja baada ya nyingine. Sisi tulikuwa wa mwisho. Tulikaa ndani zaidi ya saa tatu, mtoto katapika mara moja, mume wangu kanuna. Kuna uwanja mdogo wa Gazipaşa, kilomita 40 hivi kutoka Alanya. Ukipata ndege ya kuunganisha ya kwenda huko, ichukue. La sivyo kaa Antalya yenyewe au Lara, ufukwe wake wa upande wa mashariki, ambako uwanja uko karibu. Saa zao ni sawasawa na zetu mwaka mzima, kwa hiyo hakuna uchovu wa kubadilisha majira. Halafu chumba hupati kabla ya saa nane mchana. Nguo za kuogelea weka kwenye begi la mkononi, siyo chini ya sanduku kama mimi.

Sasa Aprili. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia Raskazone, nikajiona sina cha kuogopa kwenye maji. Jua lilikuwa linawaka, watu wamevua, Wajerumani wanaogelea kwa raha zao. Nikaingia mpaka magotini. Kaka, ule haukuwa ubaridi wa kuzoea. Bahari ya pale mwezi wa nne ina nyuzi 18 hivi, na sisi tumezoea 26 na kupanda. Nilisimama palepale nimeshika nyonga, nikageuka. Siku saba nimelipia bahari, nimeitazama tu. Bwawa la nje nalo halikuwa la kupashwa moto. Tena mwezi ule hoteli nyingi zinakuwa ndiyo kwanza zinaamka, maana nyingi hufungwa majira ya baridi: yetu ilikuwa bado inapakwa rangi upande mmoja, na gati la mbao la kurukia majini lilikuwa limelala vipandevipande ufukweni, halijaunganishwa.

Mara ya pili tulikwenda Oktoba, wiki ya pili. Joto la hewa lilizidi kiasi lile la Aprili, lakini tofauti kubwa ilikuwa majini: maji yalikuwa na nyuzi 25 hivi, kwa sababu bahari imelikusanya jua la miezi yote ya kiangazi na hailitoi haraka. Tuliogelea asubuhi na jioni. Julai na Agosti maji ni ya moto zaidi, ila bei ziko juu, watu wamebanana, na jua la mchana linaloweza kufika nyuzi 35 na zaidi linakufukuza ufukweni kuanzia saa tano. Kama tarehe ya ndoa yenu si amri, isogeze. Wifi atakuelewa akishatia mguu majini.

Kuna kitu kingine ambacho hutakisoma popote, kwa sababu wanaoandika kuhusu hoteli hizi si watu wa pwani yetu. Ile bahari haipwi. Siku ya kwanza nilimfuata kijana wa taulo nikamuuliza maji yanatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Kiingereza chake na changu vikagongana, nikamwonyesha kwa mikono: yanakwenda huko, yanarudi huku. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mwokozi wa ufukweni. Wakanitazama wote watatu kwa huruma. Nikaja kuelewa kuwa kule hakuna bamvua wala maji mafu ya kuhesabu. Mlango wa ile bahari kule Gibraltar una upana wa kilomita 14 tu, kwa hiyo kujaa na kupwa kwa bahari kuu hakupenyi kwa nguvu; pale Uturuki maji hupanda na kushuka kidogo tu. Ndiyo maana vitanda vya jua vimepangwa hatua tano kutoka majini na havihamishwi. Sisi tuliozoea Jambiani, ambako maji yakitoka unayafuata kwa miguu mpaka unachoka, tunapata raha ya ajabu: saa yoyote unayotaka, bahari ipo. Chumvi yake ni kali kuliko ya kwetu, unaelea bila kujitesa, ila macho yatakuwasha.

Usije ukadhani basi ni salama kama beseni. Alanya na Konyaaltı, ule ufukwe mrefu wa Antalya mjini, kina kinakuja ghafla. Hatua nne uko kiunoni, ya tano huoni miguu. Mawimbi yakiwa makubwa huinua bendera nyekundu, na mwokozi hapigi filimbi kwa mzaha. Kama mna watoto siku nyingine, nendeni Lara au Side, mji ulio kati ya Antalya na Alanya, kule ni mchanga na maji mafupi yanakwenda mbali.

Konyaaltı ni kokoto. Siyo changarawe ya kuchezea, kokoto kwelikweli, zinateleza, na mchana zinachoma nyayo. Kandambili wimbi linazichukua. Mimi nilivaa yeboyebo za mwanangu mkubwa, nikaonekana kituko, lakini nilitembea wakati wenye miguu mitupu wanachechemea kama kuku kwenye makaa. Na baina ya Konyaaltı na Lara kuna hoteli zilizojengwa juu ya majabali: huko hakuna ufukwe kabisa, unashuka kwa lifti mpaka kwenye sakafu ya mbao na unaingia baharini kwa ngazi ya chuma. Anayejua kuogelea atafurahi sana. Asiyejua atakaa juu akinywa chai.

Kuhusu wifi. Mimi ninajistiri pia, niliogelea na vazi la stara, suruali, kanzu fupi na kofia, vyote vya kitambaa cha kuogelea. Baharini hakuna aliyenitazama mara mbili, wanawake wa Kituruki wenyewe wako wengi wa aina hiyo. Penye maswali ni kwenye mabwawa ya hoteli, kila hoteli ina kanuni zake, kwa hiyo andika barua pepe uulize kabla ya kulipa na jibu ulihifadhi. Safari ya kwanza mimi sikuuliza, nikaambiwa bwawani nguo hiyo hapana, nikabaki na bahari ya nyuzi 18. Kama anataka kuvua kabisa na kuwa huru, Alanya kuna hoteli zisizouza pombe, zenye bwawa na kipande cha ufukwe cha wanawake peke yao, kimezungushiwa pazia. Bei zake ziko juu kidogo. Nyama usiwe na wasiwasi sana, karibu kila mahali ni ya kuchinjwa kihalali, lakini kwenye hoteli za kawaida baa iko palepale mapokezi, na mezani jirani yako atakuwa na bia yake.

Hilo la "kila kitu ndani" halina ujanja mkubwa. Wanakufunga bangili ya plastiki, unakula na kunywa mpaka usiku. Vinavyobaki nje ya bangili ni vile usivyovitarajia: juisi ya kukamuliwa, kwa mfano. Ile ya bure inatoka kwenye mashine na ina ladha ya unga. Kadi ya taulo ukiipoteza unalipa. Mwongozaji atakuiteni asubuhi ya pili kwenye mkutano wa kukaribishwa. Mkutano huo ni wa kuuza safari, na baadhi ya safari za bei ya chini hupitia kwenye duka la ngozi na la vito, mnakaa humo saa nzima.

Chakula, nikiri, nilikipenda. Asubuhi zeituni za aina sita, jibini nyeupe, matango, asali ya kwenye sega na kaymak, ambayo ni malai yetu tu. Pale kona ya bustani kulikuwa na mama wa makamo amekaa kwenye mto, kibao cha mduara mbele yake, anasukuma unga kwa mti mwembamba mrefu kama fimbo ya bakora. Chapati inatoka nyembamba mpaka unaona kibao kwa chini. Anatia mchicha na jibini, anaikunja, anaibandika juu ya chuma kilichobenuka kama mgongo wa kobe. Siku ya tatu aliniona ninavyomkodolea macho, akanisogezea ule mti. Nikasukuma kama ninavyosukuma nyumbani. Ikatoka mduara safi, nene. Akaibonyeza kwa kidole, akatikisa kichwa, akanambia "bir dakika", akaichukua. Dakika kwao ni dakika. Sabuni ni sabun, habari ni haber, na bakshishi inaeleweka bila kamusi.

Ila msikae ndani ya bangili siku zote saba. Panda dolmuş, hiyo ndiyo hiace yao, na jina lenyewe maana yake ni "iliyojaa", kwa hiyo utajisikia nyumbani. Alanya kuna Kızıl Kule, mnara mwekundu wa pembe nane pale bandarini, wa mwaka 1226, na juu yake ngome ya Waseljuk, Waturuki waliotawala huko zamani, ambayo unaweza kuifikia kwa gari la kamba kutoka ufukwe wa Kleopatra. Ukiwa Antalya, nenda mji mkongwe wa Kaleiçi, unaingia kwa lango lililojengwa kumpokea Hadrian, mfalme wa Roma, mwaka 130, na vichochoro vyake vitakukumbusha Mji Mkongwe wa Unguja mpaka utafute baraza ya kukaa. Maporomoko ya Düden yanamwagika moja kwa moja baharini kutoka juu ya jabali, na bustani yake haina kiingilio. Hapo nje ya lango la bustani nilikunywa juisi ya komamanga iliyokamuliwa mbele ya macho yangu, na sikuijali tena mashine ya hotelini.

Kwa hiyo kwa hali yako: hoteli hiyo usiilipie kwa Aprili. Ukipata hiyohiyo Oktoba, omba chumba cha upande wa milima. Ukipata ya Lara iliyo upande wa bahari wa barabara, hata ikiwa na nyota moja pungufu, chukua hiyo. Beba kiunganishi cha soketi, zao ni za matundu mawili ya duara.

Na siku ya kuondoka mpange mapema. Chumba mnakabidhi saa sita mchana. Ndege yetu ilikuwa ya usiku. Saa sita kamili dada wa mapokezi alichukua mkasi mdogo, akaikata bangili yangu kwa tabasamu, na saa saba nikalipia chai kwenye meza ileile niliyoinywea bure wiki nzima.