Mwalimu wa Uganda, jifunze ratiba ya shule ya kimataifa kabla ya usaili

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Arua aliniandikia. Ameitwa kwenye usaili wa shule ya kimataifa hapa Kampala, na barua ya mwito inasema atakuwa na "homeroom" kila asubuhi, "advisory" mara moja kwa wiki, na "recess duty" kwa zamu. Ana shahada, amefundisha hisabati Senior Tatu na Nne, na Kiingereza chake kinanyooka kuliko cha wengi ninaofanya nao kazi. Lakini aliniuliza: "Mwalimu, hizi ni kazi gani? Nikiwauliza wenyewe, si wataniona mshamba?"

Swali lake liliniuma, kwa sababu najua yaliyonipata mimi.

Miaka iliyopita nilikaa mbele ya jopo la shule moja ya aina hiyo. Nilikuwa nimetoka kufundisha kwenye shule ya bweni, na nilijiandaa vizuri: maandalio ya somo, matokeo ya wanafunzi wangu wa UCE (mtihani wa taifa wa mwisho wa Senior Nne), barua za walimu wakuu. Mkuu wa jopo, Mmarekani, akaniuliza ninaitumiaje "prep" yangu. Nikamweleza kwa kirefu. Nilimwambia jinsi ninavyopita kati ya madawati usiku, ninavyokaa na wale wanaochechemea kwenye aljebra, ninavyohakikisha watahiniwa hawalali juu ya vitabu, na jinsi umeme ukikatika tunavyowasha taa za sola na kuendelea. Ilikuwa kazi ya kujivunia, na niliisimulia kwa fahari. Wakatazamana. Swali lililofuata lilikuwa fupi, lililofuata fupi zaidi, kisha wakanishukuru.

Baadaye nilipata jibu kwamba somo langu nalijua ila mawasiliano yangu ni dhaifu. Mawasiliano! Mimi niliyesoma kwa Kiingereza tangu madarasa ya msingi, niliyefundisha kwa Kiingereza, niliyeandika ripoti za mamia ya watoto kwa Kiingereza. Neno hilo bado linanichoma, na sitajifanya kwamba limepona.

Jibu langu lilikuwa sahihi. Kwa Mmarekani, "prep" ya mwalimu ni kipindi kisicho na darasa, muda anaopewa katikati ya siku ili aandae masomo na kusahihisha. Kwetu Uganda "prep" ni ya wanafunzi: ya alfajiri kabla ya vipindi na ya usiku baada ya chakula cha jioni, mwalimu wa zamu akisimamia. Hatukulibuni neno hili. Limetoka shule za bweni za Uingereza, ambako hadi leo "prep" ni kazi ya kufanya baada ya masomo na pia muda wenyewe wa kuifanya, na kwetu lilikuja na shule za wamisionari. Namilyango ilianzishwa 1902, Gayaza 1905, Budo 1906, na mpangilio wa bweni wa namna hiyo ukaenea nchi nzima pamoja na "house", "prefect" na "dormitory". Ukienda Queensland au Victoria, Australia, "Prep" ni mwaka wa kwanza kabisa wa shule ya msingi. Mtu wa huko akisikia kwamba umesimamia "prep" kwa miaka mingi anaweza kudhani ulikuwa unafundisha watoto wa miaka mitano kufunga kamba za viatu.

Neno moja, kazi tatu, na ajira ya mtu inategemea ni ipi iliyomo kichwani mwa anayesikiliza. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ndugu mwalimu, ndio huo: usimweleze mtu jina la kipindi, mweleze kinachofanyika ndani yake. Usiseme tu "I supervised prep." Sema ulisimamia wanafunzi wakijisomea usiku, saa ngapi hadi saa ngapi, wangapi, na ukifanya nini. Mmarekani ataielewa kama "study hall", Mwingereza ataiita "prep" kama wewe, na hakuna atakayetazamana na mwenzake.

Nilipotoka kwenye usaili ule nilianza kukusanya ratiba. Nilizitafuta kwenye tovuti za shule za Marekani, Uingereza, India, Australia, Afrika Kusini, popote. Usiku, badala ya kutazama mpira, nilikuwa nasoma ratiba za watu. Mke wangu aliniuliza kama nimepata ugonjwa. Leo mimi ni DOS (Director of Studies, msimamizi wa taaluma) katika shule nyingine, ratiba ya shule nzima inapita mikononi mwangu, na ninakaa upande wa pili wa meza ya usaili. Nasema hivi ili ujue kwamba ninayoandika nimeyaona kutoka pande zote mbili za meza.

Tuje kwenye "homeroom" ya ndugu yetu wa Arua. Ni neno la Marekani na Kanada, na limeenea hadi Ufilipino. Ni dakika chache za asubuhi ambapo kundi lako la wanafunzi linakuja kwako: unaita majina, unasoma matangazo, unaangalia nani amekuja na uso wa huzuni. Uingereza wataiita "registration", "form time" au "tutor time". Australia utasikia "roll call" au "home group". Sisi tuna "class teacher" na mkusanyiko wa asubuhi, na kazi ile ile tunaifanya, ila kwetu haina kipindi chake kwenye ratiba. Kwa hiyo wakikuuliza kama umewahi kushika "homeroom", usiseme hapana! Wewe ni "class teacher" wa darasa la watoto wengi kuliko shule yao nzima ya msingi. Sema ndiyo, kisha eleza. "Advisory" inakaribiana nayo, ila kundi ni dogo na mazungumzo ni marefu: masomo yanaendaje, nyumbani kukoje, mtoto anataka kuwa nani. Shule nyingine humwachia mwalimu kundi hilo hilo kwa miaka kadhaa. Mwalimu wa bweni wa Uganda amekuwa akiifanya kazi hiyo chini ya mwembe bila mtu kumpa jina wala posho.

Uingereza kuna jambo moja la ziada ambalo wengi hawalijui. Mahudhurio huchukuliwa mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, na kila nusu huitwa "session". Mwaka wa shule una siku 190, yaani "session" 380. Ukisoma ripoti kwamba mtoto amekosa "session" 12, usimwite mzazi ukamwambia mwanawe amekosa shule zaidi ya wiki mbili. Amekosa siku 6.

Mapumziko ndiyo yanayochekesha watu, lakini mimi siyachekei, kwa sababu humo ndimo zamu zinamofichwa. Sisi tunasema "break", ya uji au chai, halafu "lunch". Mwingereza naye husema "break", na kwa watoto wadogo "playtime". Marekani ni "recess", lakini angalia: ni ya shule ya msingi. Mwanafunzi wa high school wa Marekani kwa kawaida hana "recess", ana chakula cha mchana tu, hivyo ukisema unapenda kuzungumza na vijana wa miaka 17 wakati wa "recess" wataona hujui shule zao. Singapore na New South Wales, kwa upande mwingine, vijana wa sekondari nao wana "recess" na hakuna anayeshangaa. Scotland watasema "interval", na New Zealand pia, ambako utasikia na "morning tea". Queensland wana "little lunch" na "big lunch". India kuna "tiffin break", na Afrika Kusini "first break" na "second break". Kote huko mwalimu anaweza kupangwa zamu ya kulinda watoto uwanjani, na hiyo ndiyo "duty". Ukiona neno "duty" limeunganishwa na neno lolote la mapumziko, jua kwamba chai yako utainywa ukiwa umesimama.

Kuhusu "period" sina mengi. Sekondari zetu na za Kenya kipindi ni dakika 40, na kikiwa "double" ni 80. Marekani mara nyingi ni dakika 45 hadi 50, au shule inatumia "block" za karibu dakika 90, leo masomo haya, kesho yale. "Zero period" ni kipindi kinachowekwa kabla ya cha kwanza, alfajiri kabisa. California ilipotunga sheria kwamba high school zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, sheria iliyoanza kutumika 2022, "zero period" haikuguswa. Kwa hiyo usifurahie saa ya kuanza iliyoandikwa kwenye tangazo la kazi kabla hujauliza kama ipo.

Lililo kubwa kuliko dakika ni nani anayehama. Kwetu wanafunzi wanakaa darasani mwao na sisi tunahama, chaki mfukoni na rejista kwapani. Marekani mwalimu ana chumba chake, na wanafunzi ndio wanaohama kwa dakika chache zinazoitwa "passing period", na mwalimu anatakiwa asimame mlangoni akiwapokea na kutazama korido. Mwalimu wetu akiitwa kufundisha somo la mfano katika shule ya namna hiyo huingia, husimama mbele, husubiri waliomo wasimame wamsalimie. Hawasimami. Naye huanza akiwa amevunjika moyo. Sasa unajua. Simama mlangoni, wasalimie wakiingia, mmoja mmoja. Nimeona watu wakipata kazi kwa hilo tu.

Ndugu zangu, tusione aibu na maneno yetu. Huu mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 ulipanga masomo yaanze saa 2:30 asubuhi na kuisha saa 8:50 mchana, muda unaobaki uwe wa michezo, vilabu na kujisomea. Umesimamia vilabu hivyo, umefundisha riadha kwenye uwanja wa vumbi, umefanya miradi na watoto. Hayo yote yana majina katika kila nchi, na wanaokusaili wanayatafuta. Lakini wewe unaingia chumbani ukiwa na hofu ya lafudhi yako! Lafudhi haijawahi kumnyima mtu kazi mbele yangu. Kinachowanyima ni kujibu swali la ratiba nyingine kwa ratiba ya nyumbani, na kuona aibu ya kuuliza. Uliza. Mwalimu anayefundisha watoto kuuliza atakosaje kuuliza mwenyewe? Kabla ya usaili waandikie uombe ratiba ya siku ya shule yao. Marekani huiita "bell schedule". Hakuna shule iliyowahi kuniona mshamba kwa kuiomba, na nyingine wanaiweka wazi kwenye tovuti yao. Isome kama unavyosoma mtihani wa zamani wa UNEB (baraza letu la mitihani), mstari kwa mstari, na kila neno usilolijua lizungushie duara uliulize.

Na wakikupa mkataba, usihesabu vipindi, hesabu dakika. Vipindi 24 vya dakika 40 kwa wiki ni saa 16 za kufundisha. "Block" 20 za dakika 90 ni saa 30, karibu mara mbili, ingawa 20 inaonekana ndogo kuliko 24. Mwalimu mwenzangu aliacha kazi aliyoizoea akafuata ile yenye namba ndogo, na muhula haukuisha kabla sauti haijamkauka. Ukimaliza kupiga hesabu hiyo, waulize mambo matatu waandike kwenye karatasi: "duty" za mapumziko zimo ndani ya saa hizo au ni juu yake, "homeroom" inahesabiwa kuwa kufundisha au haihesabiwi, na "prep" yako wewe mwalimu ni mara ngapi kwa wiki, na je, mwenzako akiugua wanaruhusiwa kukuchukulia muda huo ukashike darasa lake. Hilo la mwisho uliulize hata wakikuonyesha sura ya haraka.