Mnaoanza utafiti wa jeni za kinga na damu: anzeni na daftari la mgonjwa

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hii kazi ya jeni za kinga kwa wagonjwa wanaoongezewa damu, mambo ya mashine mtafundishwa huko labu, mi nataka kuongea ya wodini maana data huwa inaharibikia huko, kabla hata DNA haijatolewa.

Swali letu ni hili: watoto wawili wana sikoseli, wote wametiwa damu mara nyingi, mmoja mwili wake unatengeneza antibodi dhidi ya damu ya wachangiaji mpaka kumpatia damu inayomfaa inakuwa shida, mwenzake wala, kwa nini? Sehemu ya jibu iko kwenye HLA, zile jeni za kromosomu ya 6 zinazoamua vipande gani vya protini ngeni vionyeshwe kwa seli za kinga. Kwa Wazungu imeonekana wenye DRB1*04, aleli (yaani toleo moja la jeni) ya HLA, ndo wanatengeneza kirahisi antibodi ya Fya, moja ya antijeni za Duffy, yaani alama zilizo juu ya seli nyekundu. Msilibebe hilo mkaja nalo wodini kwetu Uganda kama lilivyo, maana wachangiaji wetu karibu wote seli zao nyekundu hazina Duffy kabisa, sasa mgonjwa atatengenezaje antibodi ya kitu ambacho hajawahi kukutana nacho?

Halafu kabila, na hapa naomba mtulie kidogo. Tangu 1949 watafiti Lehmann na Raper walionyesha jeni ya sikoseli haijasambaa sawasawa Uganda, kwa Baamba wa Bundibugyo waliobeba jeni hiyo walifika kama asilimia 45, na kuna watu wengine wa magharibi huko huko walikuwa na asilimia chache tu. HLA nayo inatofautiana hivyo hivyo kati ya watu na watu. Kwa hiyo ukichukua wagonjwa wenye antibodi ambao wengi wametoka kaskazini ukawalinganisha na wanafunzi wa Kampala waliokuja kuchangia damu, aleli yoyote iliyojaa kaskazini itaonekana ndo chanzo na wewe utafurahi bure. Linganisha na wagonjwa wenzao, waliotiwa damu kiasi kinachokaribiana na hawana antibodi. Na usiishie kuuliza "kabila gani", hapa mtu anakutajia kabila la baba basi, uliza hivi: jaja (bibi) mzaa mama nyumbani aliongea lugha gani? Uliza kwa mababu na mabibi wote wanne, alafu DNA yenyewe ije kusahihisha kwenye uchambuzi.

Sasa daftari. Mnajua wagonjwa wetu wanatembea na historia yao kwenye lile daftari la shule, kava limechanika, kurasa zimeshikana kwa maji, mahali pameandikwa tu "BT 1 unit" (ametiwa damu chupa moja) bila tarehe. Kaa na mama wa mtoto, fungueni ukurasa kwa ukurasa, muulize alizaa huyu mdogo wake lini, ilikuwa msimu wa mvua au baada ya Krismasi, atakumbuka vizuri kuliko karatasi. Bila hiyo hesabu ya damu aliyopewa huwezi kusema huyu kinga yake imenyamaza, labda hajapewa damu ya kutosha. Utafiti uliochapishwa 2010 kwa wagonjwa wa sikoseli Uganda ulipata asilimia 6 hivi wenye antibodi, lakini antibodi huwa zinashuka mpaka kipimo hakizioni tena, kwa hiyo hasi ya leo isome kwa makini.

Vitendanishi, yaani vifaa vya kupimia vya labu, navyo angalieni vimetengenezwa kwa damu ya nani. Seli za paneli (zile za kutafutia antibodi) za kutoka Ulaya mara nyingi hazina antijeni za Jsa wala VS ambazo kwetu zipo. Na Waafrika wengi wenye D hasi (Rh hasi) wana jeni ya RHD nzima ila imekufa, ile inayoitwa RHD saidojeni, ukitumia praima (kipande cha DNA cha kutafutia jeni) isiyoitambua mashine itakuambia mtu ni D chanya.

Sampuli ya kupima antijeni ichukuliwe kabla chupa ya damu haijatundikwa. Kama ametiwa damu ndani ya miezi mitatu, usipime seli zake, utakuwa unapima za mchangiaji, tumia DNA.