Kwa nini daktari huyu ameshika mmea

Ndugu, umeuliza kwa nini huyu bwana wa joho refu na kofia kwenye picha hii ameshika mmea badala ya vifaa vya udaktari. Ni Leonhart Fuchs, profesa wa tiba wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani. Picha imetoka kwenye kitabu chake cha mimea kilichochapwa mjini Basel, Uswisi, mwaka 1542. Enzi hizo dawa nyingi zilikuwa majani na mizizi. Daktari akikosea mmea, mgonjwa ndiye anaumia. Ndiyo maana aliweka picha zaidi ya 500.

Halafu picha hii haijachorwa kwa kalamu, ni mchongo wa mbao. Fundi anachonga ubao na kuondoa mbao pembeni mwa kila mstari wa picha, mistari inabaki imeinuka, inapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Hebu tazama mikunjo ya joho!

Kinachonigusa zaidi kiko mwishoni mwa kitabu: Fuchs aliweka pia picha za wachoraji wake wawili, Albrecht Meyer na Heinrich Füllmaurer, pamoja na mchongaji Veit Rudolf Speckle, kila mmoja na jina lake. Wakati ule mafundi wengi wa vitabu hawakutajwa kabisa.