Ubao mweupe haufutiki: kosa ni la maka au la ubao?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nafundisha hisabati sekondari, Morogoro. Mwaka juzi tulitoa mbao za chaki tukawekewa nyeupe. Siku hizi ukifuta, maandishi ya juzi bado yanaonekana kwa mbali, na wanafunzi wananakili milinganyo ya jana pamoja na ya leo. Tumesugua kwa sabuni ya unga na stilwaya. Ubao unang'aa siku moja, kisha unakuwa mbaya kuliko mwanzo. Mkuu wa shule anataka tununue maka za bei kubwa. Zitasaidia?

JIBU: Nzuri, Mwalimu. Hazitasaidia. Tatizo ni ubao, na samahani kusema, stilwaya ndiyo iliyoumaliza.

Wino wa maka hizi una rangi, alkoholi inayokauka upesi, gundi kidogo na mafuta maalumu yanayozuia rangi isishike. Ukiandika, alkoholi inaruka, inabaki ngozi nyembamba ya rangi iliyolala juu ya mafuta. Dasta inaibandua tu. Lakini hilo linawezekana ubao ukiwa laini kama kioo. Ukishakwaruzwa, rangi inazama kwenye mifereji ambako dasta haifiki. Washa tochi ya simu, ilaze ubavuni mwa ubao, utaiona mifereji yenyewe, imejaa weusi.

Halafu jaribu sumaku. Isiponasa, basi karibu hakika mna melamini, yaani plastiki ngumu iliyogandishwa juu ya mbao zilizoshindiliwa. Ni rahisi kununua, ila ina vitundu vidogo sana na huanza kunywa wino hata bila kusuguliwa. Ikinasa, ni bati: ama limepakwa rangi, ama lina enameli, ile ngozi ya kioo inayochomwa kwenye tanuri la joto la nyuzi 800 hivi, kama sahani za bati za zamani. Enameli ndiyo inayostahimili darasa la vipindi vinane kwa siku.

Kwa sasa, nunua spiriti duka la dawa. Lowesha kitambaa cha pamba, pangusa eneo la ukubwa wa daftari, geuza upande safi wa kitambaa kabla wino haujarudi ubaoni, endelea. Fungua madirisha na weka moto mbali. Maliza kwa kitambaa chenye maji, kausha. Msitumie petroli wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha, zinaweza kuharibu uso wa ubao. Na fueni dasta! Nyingi ninazozikuta shuleni zinapaka wino badala ya kufuta.

Mwanafunzi akiandika kwa maka ya kudumu, usikimbilie spiriti. Pitisha maka ya kawaida juu ya maandishi yale yale, yafunike kabisa, futa mara moja. Alkoholi ya wino mpya inalainisha ule wa zamani na mafuta yake yanauinua. Rudia ikibidi. Maka zenyewe zihifadhiwe zikiwa zimelazwa. Ukizisimamisha ncha juu, rangi inatuama chini na zinaandika kwa kufifia, halafu mnazitupa zikiwa na wino tele.

Futeni pia kila jioni. Wino ukikaa wiki nzima unazidi kung'ang'ania. Ubao mbaya kuliko yote niliyowahi kuitiwa ulikuwa wa ofisi moja: bajeti ya Januari, na pembeni neno USIFUTE kwa herufi kubwa. Mwezi wa kumi na moja bajeti ilitoka kwa spiriti. USIFUTE ilibaki, kwa sababu kila mtu aliyeona inafifia aliikoleza.

Mbao zenu zilizokwaruzwa hazitarudi zilivyokuwa. Polishi ya gari hufunika mifereji kwa siku chache, si zaidi. Ningekuwa mimi, hela ya maka ghali ningenunulia ubao mmoja wa enameli kwa darasa linalotumika zaidi, na kule kwingine ningerudisha zile za chaki kama bado ziko stoo. Hakuna aibu, ubao wa chaki hauombi spiriti. Ukienda dukani beba sumaku mfukoni, na kwa kuwa bati la rangi nalo linanasa, mwambie muuzaji aandike neno "enameli" kwenye risiti pamoja na miaka ya dhamana. Akianza kuzungukazunguka, ondoka.