Mwanangu, kuhusu mzaha wa Chandler

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama Chandler Bing, yule mcheshi wa Friends, tamthilia ya vichekesho ya Marekani, alizaliwa na mzaha wake au wazazi wake ndio waliomfanya awe hivyo. Swali lenyewe ukalimalizia na "haha". Nimelisoma mara kadhaa, na leo nimekaa nilijibu.

Mimi naanzia mezani. Chandler ana miaka 9, ni chakula cha Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, mdomo umejaa pai ya maboga, na hapo ndipo wazazi wake wanapoona ni wakati mzuri wa kumwambia kwamba wanaachana. Ukubwani anawasimulia rafiki zake kisa hicho, watazamaji wanacheka, lakini chakula cha sikukuu ile hakigusi. Hebu mtazame mtoto huyo. Kumeza hawezi, kutema hawezi, na wakubwa wawili wamemkazia macho wakingoja aseme neno. Hana uwezo wa kumzuia baba asiondoke. Alicho nacho ni ulimi wake. Akisema kitu wakacheka, hata kidogo, nyumba inatulia kwa dakika moja, naye anajifunza kwamba watu wakishacheka hawamuulizi tena anajisikiaje. Mtoto akishalionja hilo, haliachi kirahisi.

Wahenga wamesema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi naikubali nusu. Mama yake, Nora, ni mwandishi wa riwaya za mapenzi, naye huzungumza mambo ya chumbani kwenye televisheni huku mwanawe akisikia. Baba yake ni msanii wa jukwaani kule Las Vegas, na zamani alikuwa akifika kwenye mashindano ya kuogelea ya mwanawe amevaa kama nyota wa kike wa sinema. Chandler alilihesabu hilo kuwa aibu kwa miaka mingi. Lakini baba alifika. Usilipite hilo haraka, mwanangu. Mzazi anaweza kumpenda mtoto kwa dhati na bado akakijaza chumba chote yeye mwenyewe, mtoto akabakiwa na upenyo wa kupitisha mzaha tu.

Unamkumbuka Roger wa msimu wa kwanza, yule daktari wa akili aliyekuwa mpenzi wa Phoebe, rafiki wa Chandler? Alimsoma Chandler kwa muda mfupi tu: mtoto wa pekee, wazazi waliachana kabla hajabalehe, na utani anautumia kuwaweka watu mbali. Yote kweli. Rafiki zake wakamchukia Roger, nami nawaelewa. Alimvua mwenzake nguo mbele za watu, halafu hakumpa hata shuka.

Kilichomsaidia Chandler ni watu ambao kicheko kiliisha nao bado wapo. Kwangu, hakuna kipindi kinacholionyesha hilo kama kile cha mwaka 1997. Amembusu Kathy, mpenzi wa rafiki yake Joey, na ili asamehewe analazwa ndani ya sanduku la mbao, siku ileile ya Shukrani anayoichukia. Mtu anayejikinga kwa maneno, leo anatakiwa anyamaze. Kathy anakuja kumuaga kwa sababu hataki kuwagombanisha marafiki. Chandler habanduki. Kidole kimoja tu ndicho kinachotokeza kwenye tundu la hewa. Joey ndiye anayelifungua sanduku na kumwambia amkimbilie. Nakuapia, kidole kile kinaniliza kila nikikiona.

Kisha Monica, rafiki yake aliyekuja kuwa mkewe. Chandler ni mtu aliyekuwa akitafuta mlango kila Janice, mpenzi wake wa zamani, alipomkaribia, lakini mwaka 2000, chumba kimejaa mishumaa, Monica amepiga magoti akashindwa kumaliza sentensi kwa machozi, Chandler anapiga magoti naye na kumwambia kwamba amempa furaha ambayo hakuwahi kudhani angeipata. Hakuna mzaha hata mmoja mle. Nami nafurahi kwamba waandishi hawakumponya utani wake. Neno la mwisho la tamthilia nzima, mwaka 2004, ni lake: wanaaga nyumba, wanakubaliana wakanywe kahawa, naye anauliza, "Wapi?" Anawachekesha akiwa katikati yao, bila kumkimbia yeyote.

Sasa sisi. Jioni ile baba yako na mimi tulipokuambia kwamba tutaishi nyumba mbili, ulikuwa unafunga kamba za viatu. Ukauliza kama sasa utakuwa na miswaki miwili. Tulicheka sote wawili, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, nami nikakuambia wewe ni mcheshi kweli. Ulibaki umeinama. Ukaifungua kamba uliyokwisha kuifunga, ukaifunga tena, ukaifungua. Niliona. Kicheko kilinipa nafuu kubwa mno siku ile, nikakuacha na kamba zako bila kukuuliza chochote.

Ndiyo maana "haha" yako imenikaa moyoni. Sikusemi kwa ajili yake. Nimeitambua tu, kwa sababu nilikuwapo ilipozaliwa, na nilikuwa wa kwanza kuipigia makofi.

Basi nakuuliza leo, mwanangu: jioni ile ulikuwa unajisikiaje? Nijibu hata usiku wa manane. Ukitaka kuanza na utani, anza nao, nitacheka. Kisha nitabaki hapahapa kwenye simu, nikingoja yanayofuata.

Mama yako